Shina la Mkuyu Lina Mwenyewe

Hotuba kwa vijana wanaoongoza wageni na wanafunzi wa chama cha mazingira, ufukoni Dunga, Kisumu, Siku ya Ardhioevu Duniani

Wazee wetu, akina mama mliotoka jikoni na moshi wa samaki bado u nguoni, walimu wenzangu, vijana wangu waongoza wageni, na nyinyi watoto mliokaa chini kwa sababu viti vimetuishia: hamjambo? Nashukuru kuniita.

Kabla sijasema lolote, naomba wale vijana wawili walioegemea mkuyu wasogee kidogo. Juu ya bega la huyo mwenye shati la buluu, kama shubiri moja hivi, kuna mama amelala kifudifudi, kichwa chini. Nilimwona saa moja asubuhi nilipofika, na tangu hapo nimekuwa nikimchungulia. Asante, baba. Polepole, usiburute mgongo kwenye gome.

Mnamwona huyu buibui? Wengi bado. Hata mimi nilingoja jua liwe upande, kivuli chake kikamtoa. Rangi yake ni ya gome lenyewe, kijivu chenye madoadoa ya kahawia, na mwili wake umebapa kama mbegu ya boga. Hana utando wa kuning'inia. Tazameni nyuma yake: vile vitu viwili virefu mnavyodhani ni mikia ni mirija ya kutolea uzi. Mdudu akipita karibu, mama huyu humgeuzia mgongo na kuanza kumzunguka mbio, duru juu ya duru, mirija ikimwelekea mdudu na kumwaga uzi, mpaka mdudu anabanwa pale pale kwenye gome kama mtoto aliyefungwa mgongoni kwa leso. Ndipo anamsogelea na kumuuma. Jambo zima huisha kabla hujamaliza kumwita mwenzako aje aone. Wataalamu wanamwita Hersilia.

Nimeanza na yeye kwa sababu ndiye aliyenileta. Vijana wangu, kila siku mnapita hapa mkielekea njia ya mbao, mkielekea mafunjo, mkielekea boti za kwenda kutafuta viboko. Mkuyu huu kwenu ni mahali pa kukutania. Mnawaambia wageni kwa simu, "Tutawapata chini ya ule mti mkubwa," na wakishafika mnauacha nyuma. Mimi nimekuja kuwaomba safari ianzie kwenye shina. Na siku nyingine, iishie hapo hapo.

Hili sikulisoma chuoni. Miaka mingi nyuma niliwapeleka wanafunzi wangu Saiwa, kule karibu na Kitale. Wengine mnaijua: hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.9 tu, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame kwenye matope. Saiwa hakuna gari linaloingia kutembeza watu. Unatembea kwa miguu, unapita juu ya mbao, unapanda jukwaa, unangoja. Tulingoja. Asubuhi nzima tulingoja, na nzohe hakutoka. Watoto walikuwa wametoka nyumbani gizani, wazazi wao wamechanga nauli kwa shida, na msichana mmoja wa darasa la sita akaanza kulia. Mimi mwenyewe sikuwa na la kumwambia.

Mzee aliyekuwa akituongoza hakumbembeleza. Alisimama kando ya njia, penye tawi lililofika usawa wa uso wa mtoto, akasema, "Mama, njoo uniambie hiki ni nini." Msichana akajifuta machozi, akatazama. "Kijiti kilichovunjika," akasema. Mzee akamwambia atazame tena, asiguse. Tukakaa kimya. Ikapita kama dakika mbili, halafu kile kisiki cha kijiti kikanyoosha mguu mmoja, kikaurudisha. Ukelele alioutoa mtoto yule ninausikia hadi leo. Nusu saa iliyofuata hakuna aliyeuliza habari za nzohe. Walikuwa wamepiga magoti kandokando ya njia, kila mmoja na tawi lake.

Yule alikuwa buibui wa jamii iitwayo Caerostris. Mchana hujikunja kwenye tawi akafanana na kifundo au kichipukizi kilichokatika, na ndege hupita juu yake bila kumjua. Jua likizama hufunua miguu, akatanda utando mkubwa wa mviringo kutoka tawi hadi tawi. Yupo ndugu yake Madagaska, aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 2010, ambaye hutega juu ya mito, na nyuzi zake zimepimwa zikafika mita 25 kutoka ukingo hadi ukingo. Uzi wa buibui yule ni miongoni mwa vitu imara kuliko vyote ambavyo kiumbe hai amewahi kutoa mwilini mwake. Wa kwetu hana sifa hiyo duniani, lakini kazi ni ile ile, na anaifanya bure kila usiku juu ya vichwa vyenu mkirudi nyumbani.

Sasa tuje hapa kwetu, ziwani. Nani hajawahi kuona ule moshi unaosimama juu ya maji asubuhi, mrefu kama nguzo, na mgeni anauliza kama kuna boti inaungua? Ni vijidudu vya ziwani. Utoto wao wote wanauishi kwenye tope la chini ya maji, kisha wanapanda juu kwa mamilioni ili wajamiiane, watage, wafe. Upepo ukigeuka wanaingia ufukoni, wanaingia kwenye sufuria, kwenye macho, kwenye taa. Sisi tunalalamika. Lakini siku ya pili yake pitieni miti iliyo karibu na maji mtazame tando. Zimegeuka kijivu kwa uzito, zimelegea kama nyavu za omena zilizotoka kuvuliwa. Buibui mwenyewe amekaa katikati, tumbo limemjaa. Tope la ziwani limegeuka mdudu, mdudu amegeuka buibui, na kesho buibui atageuka ndege. Mgeni atampiga picha yule ndege, akaipeleka kwao bila kujua kwamba amebeba kipande cha sakafu ya ziwa. Hayo ndiyo maneno ya mwongozaji. Jina la ndege liko kitabuni, anaweza kulisoma mwenyewe.

Nataka nikae kidogo kwa buibui mmoja, kwa sababu ni wetu sisi watu wa ziwa hili. Anapatikana kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na wa Uganda, na hajulikani kwingine. Mkivuka ghuba mkafika Mbita, kuna kituo cha utafiti wa wadudu kilichopewa jina la Thomas Odhiambo, mwana wa nchi hii aliyeanzisha taasisi ya icipe mwaka 1970. Pale ndipo wataalamu, Robert Jackson na wenzake, walipotumia miaka mingi kumchunguza. Mwaka 2003 akapewa jina rasmi: Evarcha culicivora, maana yake mla mbu.

Ni mdogo, milimita kama tano. Hatandi utando wa kunasia. Ni mrukaji: anatazama, ananyemelea, anaruka. Asipowinda hujificha kwenye nyasi na majani yaliyo chini ya ukuta au chini ya shina, na akitaka kuwinda hupanda shina au ukuta. Mbele ya uso ana macho mawili makubwa kama taa za matatu, na mengine sita madogo. Ukimsogelea anageuka, anakutazama. Watoto hupenda sana pale anapogeuka.

Jambo lililowashangaza watafiti ni chakula chake. Mahali alipo pamejaa vijidudu vya ziwani, chakula tele kisicho na kazi. Yeye anaviruka, anamtafuta mbu. Na si mbu yeyote: anapendelea mbu jike aliyekwisha kunyonya damu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, walimwekea mbu mwenye damu na asiye na damu, mbu na wadudu wengine, akamchagua mwenye damu kwa kuona, na akamchagua tena kwa kunusa tu. Buibui huyu hawezi kutuuma akanywa damu yetu, mdomo wake haukuumbwa kwa kazi hiyo. Damu anaipata kwa kumla aliyeiiba.

Na kati ya mbu wote anampendelea Anofelesi. Wazazi, mnajua Anofelesi ni nani. Ndiye anayebeba malaria, na sisi wa ukanda wa ziwa ndio tunaoumizwa na malaria kuliko Wakenya wote. Anofelesi akitua hukaa ameinua mkia juu, kama mtu aliyeinama kuchota maji. Mbu wengine hukaa sambamba na ukuta. Watoto wa buibui huyu, wadogo kama punje ya wimbi, wanaijua alama hiyo. Wakimwona Anofelesi hawaendi moja kwa moja: wanazunguka mpaka nyuma yake, wanaingia chini ya ule mkia ulioinuka, na wanamrukia kutoka huko. Hakuna aliyewafundisha. Mimi nimefundisha watoto wa binadamu maisha yangu yote, na kila nikilifikiria jambo hili nanyamaza.

Kuna na hili: harufu ya binadamu inamvuta. Watafiti walichukua soksi zilizovaliwa na soksi safi, na buibui wakaonyesha kuvutwa zaidi na zile zilizovaliwa. Ni jambo la akili, kwa sababu alipo binadamu ndipo alipo mbu mwenye damu. Anavutwa pia na harufu ya lantana, kile kichaka chenye vimaua vya rangi rangi kinachotusumbua mashambani, na ya mbarika, na hunywa utamu wa maua yake. Kwa hiyo mkimtafuta, tafuteni penye shina lililo karibu na nyumba za watu, penye nyasi ndefu chini yake na mbarika kando.

Mama mmoja, nilipomweleza haya, aliniuliza kama basi aache chandarua. Hapana, mama. Chandarua kibaki, dawa ibaki, na ile chanjo ya watoto iliyoanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019 ibaki. Buibui hawezi kutulinzia nyumba nzima. Ninachosema ni kwamba jirani huyu amekuwa upande wetu tangu zamani, nasi tunamfagia kwa ufagio kila Jumamosi bila kumtazama usoni.

Nigusie woga, maana najua umekaa hapa katikati yetu. Karibu buibui wote wana sumu, ndiyo silaha yao. Lakini imekusudiwa nzi na mbu, na walio wengi hapa meno yao hayawezi hata kupenya ngozi yetu. Hatuwashiki kwa sababu tutawavunja, na kwa sababu kiumbe usiyemjua humwekei kidole. Woga wenyewe mtoto mara nyingi anauongeza kwa kumwona mtu mzima akiruka na kupiga yowe. Majirani zetu Waislamu wa Kaloleni wanaisimulia habari ya pango la Thawr, jinsi buibui alivyotanda mlangoni Mtume Muhammad na Abubakar wakiwa ndani, waliokuwa wakiwasaka wakauona utando mzima wakasema hakuna aliyeingia. Watoto waliolelewa kwa kisa hicho nimewaona njiani: hawampigi kiatu.

Sasa kazi yenyewe, vijana. Nitaisema kama ninavyoifanya.

Njooni mapema, umande haujakauka. Tando ambayo saa nne huioni, saa kumi na mbili na nusu inang'aa kama mkufu. Msitembee katikati ya njia, tembeeni upande wa miti, na jua liwe ubavuni. Kwenye shina msitazame mahali pamoja: anza chini penye nyasi, panda na macho polepole, simama penye kila ufa na kila kifundo, halafu geukia upande wa kivuli, kwa sababu wengi wanakaa huko. Ukiona mstari wa wale sisimizi weusi wanaoinua mkia, usipite haraka. Hesabu miguu. Huku ziwani wapo buibui warukaji wanaoishi kwa makundi karibu na sisimizi hao, wamefanana nao umbo na mwendo, mpaka miguu ya mbele wanaipeperusha kama vipapasio. Sisimizi ana miguu sita. Ukipata minane umempata mwenye kujifanya, na wageni wako hawatakusahau.

Jioni vaeni tochi kwenye paji la uso, si mkononi. Mwanga ukitoka karibu na macho yako, nyasi zilizo chini ya miti zitakurudishia vinuru vidogo vya kijani, kimoja huku kimoja kule, kama umande. Kila kimoja ni jicho la buibui anayewinda ardhini. Mfuateni mmoja kwa mwanga huo huo. Huenda ni jike aliyebeba kifuko cha mayai nyuma ya mwili, au watoto wake wote mgongoni, wamepandana. Nilimwonyesha mama mmoja muuza samaki kitu hicho, akasema, "Huyu naye anatoka sokoni." Akakaa chini kumtazama.

Na mkimkuta aliyekufa, mwonyesheni pia. Utaona miguu yote imekunjwa kuelekea tumboni. Buibui ana misuli ya kukunja miguu, lakini katika viungo vikubwa hana ya kuinyoosha. Huinyoosha kwa kusukuma majimaji ya mwili ndani yake, kama mpira wa bustani unaojaa maji ukakakamaa. Uhai ukitoka, msukumo unakwisha, miguu inajikunja. Mtoto akishaelewa hilo, ataelewa pia mrukaji anarukaje.

Nina mambo machache yanayoniuma, na nitayasema mbele ya wazee ili yasikike. La kwanza ni misumari. Miti ya njia hii imepigiliwa mabango mpaka gome limeoza kuzunguka kutu. Pili, chokaa. Sijui nani alianza kutuambia kwamba shina lililopakwa chokaa nyeupe hadi kiunoni ndilo safi. Yule mama niliyewaonyesha amevaa rangi ya gome ili asionekane. Mkimpakia ukuta mweupe, mmemwita kunguru aje. Na kwenye nyufa mnazoziba ndimo mayai yalimo. Tatu ni kufagia tando na kupuliza dawa kwenye miti kila wageni wakubwa wanapotarajiwa. Dawa haichagui, inaua mbu leo na inaua mla mbu pamoja naye, na mbu, mnajua wenyewe, ndiye anayerudi kwanza. Nne ni nyasi kufyekwa hadi udongo chini ya kila mti. Acheni kiduara kimoja, hatua mbili tu. Wanaoishi shinani wanashuka kulala humo.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda, na mwezi wa Mei lilifika kimo ambacho halijawahi kurekodiwa kabla ya hapo. Mnakumbuka maji yalivyoingia vibandani, meza za samaki zikaelea. Mimi nilikuja nikasimama pale barabarani nikatazama miti imezama magoti. Buibui wote wa nyasini walikuwa wamepanda. Shina moja lilikuwa na wa kila aina, wawindaji na watandaji, karibu wagusane, kila mmoja amejibanza penye ufa wake. Nilisoma kwamba Sindh, kule Pakistani, baada ya mafuriko ya 2010, miti mizima ilivikwa utando kutoka juu hadi chini kama imefunikwa chandarua, na watu walioishi pale wakasema mbu walikuwa wachache kuliko walivyotarajia. Hapa hatukufikia hapo. Lakini asubuhi ile nilielewa kwamba mti mmoja uliosimama karibu na maji ni mlima wa kukimbilia. Baadhi ya miti ile ilikufa kwa kusimama majini, na mingine ilikatwa baadaye kwa kuni. Nawaomba kamati ya ufuko: tunapopanda mipya, tupande mikuyu na migunga, yenye gome lenye mikunjo na nyufa. Mti wenye shina laini unapendeza kwenye picha, lakini hauna vyumba.

Nimesema vya kutosha, na jua linapanda. Tutaenda wawili wawili, mkubwa mmoja na mtoto mmoja. Simu mfukoni kwanza, mtazitoa baadaye. Mtoto atangulie, kwa sababu macho yake yako karibu na yanapokaa mambo. Kutoka hapa hadi mwanzo wa mbao ni miti kumi na miwili, nimeihesabu. Sitawaambia yuko wapi nani. Kwenye mti wa tatu, upande wa ziwa, kuna kitu ambacho asubuhi nimekitazama robo saa nzima na bado sijamaliza kukielewa. Atakayekiona kwanza asipige kelele, aniguse tu bega.

Na wewe kijana wa shati la buluu, ukipita hapa usiku wa leo na tochi, mwangalie huyu mama. Kesho uniambie kama amehama.